Jinsi Tulivuni Ilivyoiendea Kalkulasi

Jamhuri ya Tulivuni haina njaa, haina migomo, wala haina swali lililobaki bila jibu, na anayetaka kuhakikisha hayo asome gazeti la serikali, ambalo limeyaandika mara nyingi. Kilichokosekana katika nchi hiyo, mpaka mwaka wa hadithi hii, kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni kalkulasi. Na hakuna aliyejua kwamba kinakosekana mpaka Rais aliposafiri.

Mheshimiwa Rais Tamimu Ndembo, Mlezi wa Taifa na Mkulima Namba Moja, alikuwa amealikwa nchi za mbali kutazama daraja. Akalitazama, akaligonga kwa fimbo yake, kisha akamuuliza mhandisi mwenyeji, "Mlijuaje kwamba halitaanguka?" Mhandisi akajibu kwamba walijua kwa kalkulasi. Kule Tulivuni njia iliyozoeleka ilikuwa kulifungua daraja asubuhi na kusubiri mpaka jioni.

Aliporudi, hata hajamaliza kushuka ngazi za ndege, akatangaza: "Ndugu wananchi, wenzetu wana kalkulasi! Na sisi tutakuwa nayo, kila mtoto na yake, kabla ya Sikukuu ya Uhuru!"

Kesho yake foleni zikaonekana nje ya maduka ya ushirika. Watu walikuja na vikapu, na wengine walikuja na madumu, maana haikuwa imesemwa kama kalkulasi ni ya unga au ya maji. Meneja mmoja, akihofia kuambiwa anahujumu juhudi za Rais, akawatangazia wateja kwamba iliyokuwepo imekwisha ila mzigo mwingine uko njiani. Mwisho wa mwezi akapewa cheti cha mfanyakazi bora.

*

Mtu aliyejua kalkulasi ni nini alikuwepo, ila alikuwa mbali. Mwalimu Sikudhani Mfaume alikuwa akifundisha hisabati katika Sekondari ya Mto Mchanga, wilaya ya Vigoda, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na vumbi la chaki lilikuwa limemganda kwenye vidole hata siku za sikukuu.

"Kalkulasi ni hesabu ya vitu vinavyobadilika," ndivyo alivyozoea kuwaambia wanafunzi wake. "Gari linaongeza mwendo, mhindi unarefuka, homa inapanda. Hatuulizi ni kiasi gani tu. Tunauliza kinabadilika kwa kasi gani, dakika hii hii tunayoongea."

Lakini hakuna mwanafunzi wa Tulivuni aliyewahi kuifikia, na sababu yake ilikuwa ya kiofisi. Muhtasari wa Wizara ulipanga mada za hisabati kwa herufi: aljebra kwanza, kisha desimali, kisha grafu, kisha jiometri. Masomo ya sekondari yalikwisha kabla ya herufi K. Ndiyo maana hakuna aliyefika kwenye kalkulasi, na ndiyo maana hakuna aliyefika kwenye sehemu pia, kwa hiyo vijana walimaliza shule wakijua kuchora pembetatu lakini hawajui kuligawa embe.

Sikudhani alikuwa na mpango wake, ameuchora kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Kidato cha kwanza, sehemu na namba hasi. Cha pili, aljebra. Cha tatu, jiometri na grafu. Cha nne, trigonometria. Cha tano, vikomo. Cha sita, kalkulasi yenyewe. Kila mada imeegemea iliyo chini yake. Mpango huo aliupeleka wizarani mara kumi na moja, na mara kumi na moja alijibiwa kwa barua nzuri iliyomkubalia likizo ya uzazi.

Safari hii barua haikuwa ya uzazi. Mwalimu Mkuu, Bwana Kajoro, aliileta darasani ameishika kwa mikono miwili kama sinia la mayai, maana ilikuwa na mihuri mitano.

"Mwalimu Sikudhani," alinong'ona, "umefukuzwa au umeteuliwa?"

"Sijaifungua, mkuu. Unayo wewe."

"Basi ifungue taratibu."

Alikuwa ameteuliwa. Alitakiwa aripoti mji mkuu, Makaoni, kama mjumbe wa Kamati ya Taifa ya Mfuatano wa Hisabati. Moyo ulimruka kwa furaha, ukatua kwa hofu aliposoma aya ya mwisho: wanafunzi wote wa kidato cha kwanza wangefanya mtihani wa kalkulasi kabla ya Sikukuu ya Uhuru, na watakaoshindwa wangerudishwa nyumbani kwa wazazi wao. Aliinua macho. Mbele yake walikuwa wamekaa watoto arobaini na mmoja wa kidato cha kwanza, na wiki ile, kwa vipindi vya jioni alivyowafundisha nje ya muhtasari, ndiyo kwanza walikuwa wameelewa kwamba nusu ni kubwa kuliko theluthi.

*

Kamati ilikuwa na wajumbe ishirini na saba. Mwenyekiti alikuwa Brigedia mstaafu Shagembe, aliyechaguliwa kwa sababu alijua kupanga watu kwenye mstari. Alikuwepo kocha wa timu ya taifa, kwa kuwa mabao ni namba. Alikuwepo mkuu wa bendi ya magereza, kwa kuwa muziki una mapigo. Alikuwepo Afande Mwinchande wa Usalama, ambaye hakuvua miwani yake myeusi hata ndani ya nyumba. Alikuwepo pia shangazi yake Waziri wa Elimu, na sababu ya kuwepo kwake haikuulizwa. Sikudhani alikuwa wa ishirini na saba. Kwenye kitambulisho chake waliandika: MWALIMU HALISI.

Siku nne za kwanza ziliishia katika kuamua nani akae kiti kipi, kwa sababu isingependeza kamati ya mfuatano kukaa bila mfuatano. Siku ya tano Sikudhani akaruhusiwa kubandika manila yake ukutani.

"Mbona refu hivi?" kocha aliuliza. "Dada, hakuna pasi ndefu ya kutoka kwa kipa mpaka golini?"

"Hakuna, kocha. Mtoto asipojua kujumlisha sehemu, aljebra itamshinda. Aljebra ikimshinda, grafu hataielewa. Asipoelewa grafu, kalkulasi atakariri tu kama kasuku."

Shangazi yake Waziri akatikisa kichwa kwa huzuni. "Sehemu? Mwanangu, taifa letu ni moja na haligawanyiki. Tunaimba hivyo kila asubuhi." Karani akaandika kwamba mada ya sehemu imesimamishwa mpaka ushauri wa kisheria upatikane.

Ikafuata mada ya namba hasi. Mjumbe wa Mipango, kijana mwenye tai pana, akasimama kueleza kwamba takwimu rasmi hazionyeshi kitu chochote nchini kilicho chini ya sifuri. Ikasimamishwa nayo.

Aljebra ikaingia. Afande Mwinchande akasogeza kiti.

"Huyu X ni nani?"

"Ni namba isiyojulikana, Afande."

"Haijulikani na nani?"

"Na mwanafunzi."

"Na kwa nini imejificha?"

"Haikujificha. Kazi ya mwanafunzi ni kuitafuta mpaka aipate."

Afande akafikiri kidogo, uso ukamlainika. "Kumbe ni mafunzo ya upelelezi. Watoto wote watafanya hivyo? Nchi nzima? Ipite." Aljebra ikapita bila kupingwa, ikaongezewa vipindi viwili kwa wiki.

Sikudhani akapata moyo. Akashuka haraka kwenye manila mpaka mstari wa tano, akaweka kidole. "Na hapa ndipo penye ufunguo wa yote. Kabla ya kalkulasi, mwanafunzi lazima aelewe kikomo."

Vikombe vya chai vikasimama hewani. Mkuu wa bendi akaanza kukohoa. Brigedia akainuka, akaenda mwenyewe kufunga mlango, kisha akafunga na madirisha.

Kwa wasioijua Tulivuni, inafaa kueleza. Katiba yake ilikuwa na ibara iliyoitwa Kikomo cha Uongozi, na ibara hiyo iliondolewa miaka kumi na minane nyuma kwa maombi ya wananchi, ambao walijulishwa baadaye kwamba waliomba. Tangu hapo neno lenyewe halikusikika hadharani. Hata alama za barabarani zilisema tu "Mwendo wa Kistaarabu".

"Mwalimu," Brigedia aliuliza kwa sauti ya kumwonea huruma, "neno hilo umelitoa wapi?"

"Ni neno la hisabati, Mheshimiwa. Tunasema namba inakikaribia kikomo."

"Nani anakikaribia?"

"Namba."

"Namba moja?"

"Namba yoyote."

"Kwa hiyo hata Namba Moja." Brigedia akajifuta jasho. "Ndugu wajumbe, kikao kimeahirishwa. Hakuna aliyesikia kitu. Karani, hujaandika."

"Sijaandika, Mheshimiwa," alisema karani, akitafuna karatasi.

*

Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Lufingo Katembo, akaja mwenyewe kuiokoa kamati. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye shahada tatu za heshima, moja ikiwa ya chuo cha ushonaji. Alisimama mbele ya manila, akaitazama sana, kisha akaing'oa na kuibandika tena kichwa chini.

"Ndugu wajumbe! Tatizo kubwa la hisabati ni kwamba inaanza rahisi na kuishia ngumu. Huo ni mpango wa mkoloni, alitaka tuchoke njiani. Sisi tutaigeuza! Mtoto ataanza na kalkulasi kidato cha kwanza, kama alivyoagiza Mlezi wa Taifa. Kisha ataelekea kwenye urahisi, mwaka hadi mwaka, akiwa na matumaini. Na kidato cha sita atafanya mtihani wa mwisho wa taifa, nao utakuwa wa kujumlisha. Mbili na mbili! Tano na tatu! Nawahakikishia ufaulu wa asilimia mia moja na nne."

Makofi yalidumu dakika tano.

"Mheshimiwa," Sikudhani alisema yalipopungua, "asilimia haiwezi kuzidi—"

"Mwalimu, tafadhali, usiwawekee watoto wetu kikomo!" Waziri alipogundua alichosema aligeuka kumtazama Afande, rangi imemtoka, lakini Afande kwa bahati alikuwa amesinzia nyuma ya miwani yake.

Ripoti ikaletwa kusainiwa. Ilihitaji saini ishirini na saba. Ishirini na sita zilipatikana kabla ya maandazi kupoa, kisha kalamu ikafika kwa Sikudhani na kukaa.

Shangazi yake Waziri akamsogelea. Hakuwa mtu mbaya. "Saini, mwanangu, twende zetu nyumbani. Mwenzio aliyekataa kusaini ile ya jiografia sasa ni mkuu wa shule ambayo haijajengwa. Kila asubuhi anapiga kengele porini, na mkaguzi anakuja kuangalia kama amechelewa."

Sikudhani aliitazama kalamu. Alifikiria kengele ikilia porini. Kisha akawafikiria wale arobaini na mmoja, wakiwa wameshika karatasi ya mtihani ambayo hawawezi hata kuisoma.

"Siwezi, shangazi," alisema. "Wakirudishwa nyumbani watapita kwangu kuniaga. Hawatapita kwenu."

*

Mtu anayegoma kusaini hupelekwa Ikulu kuogopeshwa. Ndio utaratibu. Waziri akamfikisha Sikudhani mbele ya Rais, akaeleza kosa lake kwa urefu, kisha akarudi hatua moja nyuma ili asirushiwe cheche.

Rais Ndembo alikuwa mzee wa miaka sabini na tisa, mwenye masikio makubwa na macho ya mtu aliyechoka kupongezwa. "Mwalimu, wewe unasema haiwezekani kuanza na kalkulasi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Rais."

"Mimi mbona nilianza na urais? Sikuwa hata mwenyekiti wa kijiji." Akacheka peke yake, na Waziri akacheka baada yake. "Haya. Nifundishe mimi. Anza na hiyo hiyo kalkulasi. Nikielewa, unasaini. Waziri, tupishe."

Mlango ulipofungwa, Sikudhani akachukua chaki, akachora mstari uliopinda kwenye ubao mdogo wa mikutano, akaanza. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza siku zote. Baada ya dakika nne Rais akainua kidole.

"Samahani, mwalimu. Kabla ya hapo kuna nini?"

"Kuna grafu, Mheshimiwa."

"Nieleze grafu."

Akaeleza. Rais akatazama dari, akatazama viatu. "Na kabla ya grafu?"

"Kuna aljebra."

Wakajaribu aljebra. Rais akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeungama. "Na kabla yake?"

"Kuna sehemu, Mheshimiwa. Nusu, robo, theluthi."

"Basi ni hapo," alisema Rais. "Hapo ndipo niliposhukia. Nilitolewa darasa la nne nikachunge mbuzi, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyethubutu kuniambia kuna kitu sikijui." Akavuta kiti mpaka mbele ya ubao, akaketi. "Anza na nusu. Na ukimwambia mtu, nitakanusha."

*

Kila siku saa tisa alasiri, kwa miezi mitatu, Mwalimu Sikudhani aliingia Ikulu kwa mlango wa jikoni. Kwenye kitabu cha wageni aliandikwa mshauri wa mapazia. Rais alinunuliwa daftari la mistari, akaandika jina lake kwenye jalada, na mahali palipoandikwa "Shule" akaandika "Ikulu". Mtihani wa Uhuru ukaahirishwa, maana Rais mwenyewe hakuwa tayari.

Hakuwa mwanafunzi mwepesi, ila alikuwa anapenda kuelewa, na hapo ndipo serikali ilipoanza kuingia matatani.

Wiki aliyomaliza sehemu, aliletewa taarifa za barabara ya Makaoni hadi Vigoda. Waziri wa Ujenzi aliandika kwamba wizara yake imejenga nusu. Waziri wa Ulinzi aliandika kwamba jeshi limejenga nusu. Waziri wa Vijana aliandika kwamba vijana wa kujitolea wamejenga nusu. Zamani Rais angewapa nishani wote. Sasa alichukua penseli.

"Nusu, na nusu, na nusu," aliwaambia kwenye simu. "Hiyo ni barabara moja na nusu. Ile nusu ya ziada inaelekea wapi?"

"Mheshimiwa," mmoja wao akajikaza, "iko chini ya ile ya kwanza. Ni ya akiba."

Alipojifunza namba hasi ikaja taarifa ya ranchi ya taifa, iliyokuwa na ng'ombe tisini na ambayo mwaka huo ilikuwa imewazawadia viongozi ng'ombe mia moja na kumi. Rais akapiga hesabu mara mbili, akamwita Waziri wa Mifugo, akamwambia kwa upole kwamba angependa kwenda kuwaona wale ng'ombe hasi ishirini, kwa kuwa hajawahi kumwona hata mmoja. Waziri wa Mifugo akalazwa hospitali siku hiyo hiyo. Na alipofika kwenye grafu, Rais alisimama mbele ya chati kubwa ya mavuno iliyokuwa imepanda ukutani kwake kwa miaka saba, akainamisha shingo, akasoma namba zake, akaizungusha robo mzunguko mstari ukawa unashuka, akaipachika tena kwenye msumari, akakaa kuitazama mpaka chai ikapoa.

Sikudhani aliyaona haya yote. Alikuwa anamwonea huruma, kama anavyomwonea huruma mtoto anayegundua kwamba majibu ya nyuma ya kitabu yana makosa.

Hatimaye wakafika kwenye mada ile. Sikudhani alikuja na maelezo mengine yasiyokuwa na neno lenyewe, akiwa ameyafanyia mazoezi njia nzima. Lakini mwanafunzi wake alikuwa amemzoea.

"Mwalimu, leo unazunguka. Inaitwaje?"

Akaiweka chaki chini. "Inaitwa kikomo, Mheshimiwa."

Rais hakukasirika. Aliegemea kiti chake. "Nieleze."

"Chukua mkate, ule nusu. Kesho ule nusu ya uliobaki. Kesho kutwa, nusu ya uliobaki. Kila siku unaukaribia mwisho wa mkate."

"Na siufikii?"

"Huufikii. Lakini mwisho upo, na tunaweza kuutaja kabla hatujafika."

"Na vipo vinavyokifikia kikomo chao kabisa?"

"Vipo, Mheshimiwa. Vingi."

Mzee akatazama nje, kwenye bustani ambako watu wawili walikuwa wanamwagilia maji majani ya plastiki. "Hilo halijanishangaza," alisema baadaye. "Ninashangaa tu kwamba lina hesabu yake." Akaandika neno lile kwenye daftari kwa herufi kubwa, akalipigia mstari mara mbili kama alivyofundishwa kufanya kwa vichwa vya habari, na akaliacha daftari mezani lilipokuwa.

*

Aliyeliona ni katibu muhtasi. Ndani ya robo saa baraza zima la mawaziri lilikuwa limejifungia kwenye ghala la viti.

"Ameandika KIKOMO," katibu muhtasi aliapa. "Kwa mkono wake. Mistari miwili chini."

"Kikomo cha nani?" aliuliza Waziri wa Ujenzi.

"Hajasema cha nani. Ndiyo maana natetemeka."

"Ni yule mshauri wa mapazia!" alisema Waziri wa Elimu, ambaye sasa alielewa kila kitu. "Anamfundisha! Kwanza barabara, kisha ng'ombe, sasa hili. Wenzangu, bado mada moja tu!"

"Akamatwe," alisema mmoja.

"Ukimkamata, mzee atauliza mwalimu wake yuko wapi. Na siku hizi ukimjibu anahesabu." Waziri Katembo akashika kichwa. "Hapana. Mwanamke huyu arudishwe kwa watoto upesi, na apewe chochote anachotaka, ili asipate sababu ya kurudi hapa."

Kamati ya Taifa ikaitishwa. Mpango wa Sikudhani ukabandikwa, safari hii kichwa juu. Brigedia alisoma mbio mbio. Sehemu? Ipite. Namba hasi? Zipite. Aljebra, jiometri, grafu, trigonometria? Zipite zote. Kikomo? Wajumbe wakatazamana. "Kipite," alisema Brigedia, "lakini kifundishwe mbali na Makaoni." Kikao kizima kilichukua dakika tisa. Mpango ukachapishwa kwenye karatasi nzuri, na saini ya Waziri katika ukurasa wa kwanza: Mfuatano wa Taifa. Vitabu vikapakiwa kwenye lori, Sikudhani akapakiwa juu ya vitabu.

Rais aliambiwa kwamba mwalimu ameomba kurudi kwao. Akampigia simu kabla lori halijaondoka.

"Ni kweli umeomba?"

Dereva na Afande Mwinchande walikuwa wamesimama pale pale. "Watoto wananisubiri, Mheshimiwa," alisema Sikudhani, na huo haukuwa uongo.

Mzee akavuta pumzi. "Wameniletea mwalimu wa kuogelea. Sina hata bwawa." Kisha akasema, "Waambie watoto kwamba mimi nilifika kwenye vikomo."

*

Hivyo ndivyo wale arobaini na mmoja wa Mto Mchanga walivyoanza na sehemu, wakaenda na aljebra, wakapita jiometri wakilalamika na trigonometria wakilia, mpaka miaka mitano ikapita na wakafika kidato cha sita wakiwa thelathini na wanane. Wawili waliolewa na mmoja alihamia kwa mjomba wake. Na ndio waliokuwa wamesimama kwenye jua siku Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Chingwile, alipokuja kuzindua tangi la maji la shule.

Lilikuwa tangi la bati lenye kimo cha sentimita mia mbili na arobaini, na pampu ilikuwa imewashwa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano Mheshimiwa Chingwile akapanda jukwaani. "Maji yanapanda!" alitangaza. "Na kufikia jioni ya leo, tangi hili litajaa pomoni!"

Watu wakapiga makofi. Msichana mmoja hakupiga. Aliitwa Mwanaheri Ngoda, mrefu, mwenye tabia ya kukunja uso, na tangu asubuhi alikuwa akipanda ngazi ya tangi kila saa kupima kwa fimbo. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Halitajaa."

Bwana Kajoro, Mwalimu Mkuu, akafumba macho.

"Marahaba," alisema Mkuu wa Wilaya polepole. "Umesema?"

"Halitajaa. Saa ya kwanza maji yalipanda sentimita sitini. Saa ya pili thelathini. Ya tatu kumi na tano. Ya nne saba na nusu. Kila saa ni nusu ya ile iliyotangulia. Yanakikaribia kikomo cha sentimita mia moja na ishirini, nusu ya tangi, na hayatavuka, hata pampu ikiunguruma mwaka mzima. Kuna mahali chini panavuja, na kadiri maji yanavyopanda ndivyo yanavyosukuma na kuvuja zaidi."

Kila mtu alisikia neno lile. Mkuu wa Wilaya akageuka, akamtafuta Sikudhani kwa macho, akamwona, na Sikudhani hakuinamisha kichwa.

"Binti," alisema Mheshimiwa Chingwile, "nani amekufundisha maneno haya?"

"Serikali, Mheshimiwa." Mwanaheri akafunua kitabu, akaonyesha ukurasa wa kwanza. "Hii hapa saini ya Waziri."

Mheshimiwa Chingwile aliitazama saini kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na wazo hilo tangu zamani, kwamba fundi aitwe.

Fundi alizunguka tangi, akainama, akakuta koki ya chini imelegea. Saa nane kamili akaikaza kwa spana na mchirizi ukakatika. "Sasa litajaa saa ngapi?" alimuuliza Mwanaheri, kwa utani.

"Zimebaki sentimita mia na ishirini," alijibu bila kusita. "Kwa mwendo wa sitini kwa saa, ni saa mbili. Saa kumi kamili."

Saa tisa na nusu, kasoro dakika tatu, maji yakamwagika juu ya ukingo. Vigelegele vikapigwa, ndoo zikagongana, Bwana Kajoro akalowa suti nzima akiwa anacheka, na Mkuu wa Wilaya akapigwa picha kiganja kikiwa chini ya maji. Hakuna aliyejali nusu saa.

Sikudhani alimkuta Mwanaheri nyuma ya darasa, ameketi juu ya tofali, daftari magotini, machozi yanamlengalenga. Katika miaka yote ya utumishi, tangu wilayani mpaka Ikulu, Mwalimu hakuwa ameona watu wengi wanaoumia kwa sababu wamekosea. Akaketi kwenye tofali la pili, akasubiri. Hakusaidia.

Penseli ikatembea, ikasimama, ikarudi juu ya ukurasa mpaka kwenye ile sitini ya kwanza kabisa. Msichana akainua kichwa.

"Mwalimu, nimeona. Nilidhani saa ya kwanza ndiyo ilikuwa mwendo wenyewe wa pampu. Siyo. Hata saa ile ya kwanza lilikuwa linavuja."